Riale Saba za Nyamizi

Nyamizi alizileta ndani ya soksi ya mtoto,
riale saba, akazimwaga mezani pangu
kati ya koleo na kikombe cha asidi.
"Nataka bati za nyumba," akasema, "sitaki hadithi."

Nami nina sikio moja.
La kushoto lilikwenda na kwinini, mwaka ule wa mvua nyingi,
likabaki likivuma kama treni ya Kigoma
inayokawia kuingia stesheni.
Kwa hiyo namwita Kalunde, anayejifunza usonara kwangu:
njoo unisikilizie.

Zote zina mwaka mmoja, 1780.
Hilo lisikushtue, mwanangu. Mama huyu alikufa
na bado wakaendelea kumpiga chapa,
shela lile lile, kifua kile kile,
ndege wake wa vichwa viwili mgongoni,
katika mwaka uliogoma kupita.
Basi mwaka hausemi kitu.
Hesabu lulu za bizimu begani: tisa.
Pitisha ukucha ukingoni, maandishi yakukwaruze kidogo.
Na sumaku?
Sumaku humkamata mghushi mjinga.
Mwenye akili hagusi chuma.

Mizani yangu ya betri, niliyonunua Isevya
kwa mtu aliyekuwa akipimia ugoro,
inataka gramu ishirini na nane na punje.
Sita zinakubali.
Ya saba ina tundu la uzi,
uso wa mama umelika kwa jasho la shingo ya mtu.
Ishirini na nne.
Tundu haliwezi kula gramu nne,
nasema, lakini nasemea tumboni.

Kalunde ana barafu ya ubuyu mkononi, imeng'atwa nusu.
Anaivunja vipande viwili bila kuambiwa.
Juu ya riale ya kwanza kipande kinakimbia,
malkia analia wekundu hadi kidevuni.
Juu ya ile yenye tundu
kinakaa.
Kinafikiri.

Kisha sauti. Naisimamisha kila moja juu ya ncha ya kidole,
naigonga kwa mpini wa patasi.
Kalunde anafumba macho.
"Hii inalia. Hii nayo. Hii, babu, ngoja, bado inakwenda,
bado,
imeishia kule kwenye mashine ya kusaga."
Mimi naona midomo yake tu, na kidole kinanitetemeka.
Ya saba:
"Ta."
Ta tu?
"Ta tu. Kama kizibo cha soda."

Bati na risasi, zimevishwa ngozi.
Fedha isiyo fedha.
Lugha yetu ina neno moja kwa vyote viwili,
madini na malipo,
na ndani ya neno hilo watu wengi wameibiwa.

Nyamizi ameshika soksi.
"Hizo sita zilifukiwa chini ya kinu.
Hiyo ndiyo aliyoivaa. Babu yake baba.
Alibeba pembe kutoka hapa hadi pwani, frasila mbili,
miezi mitatu, bega likaota sugu kama kwato.
Hiyo ndiyo ya kwanza kulipwa."

"Na pembe ilikuwa ya kweli?" Kalunde akauliza.
Nikamtuma chai.

"Alijua?" Nyamizi sasa, taratibu.
Nikavaa lenzi, nikaigeuza kuelekea dirishani.
Ukingoni, karibu na tundu,
vishimo viwili, na kimoja upande wa pili,
vya zamani, vimelainika, vimeingiwa na weusi.
Fedha haipokei meno hivyo. Risasi hupokea.
Nikamkabidhi lenzi na kumwonyesha kwa sindano:
hapa, hapa, na hapa.
Aliiuma.

Akatazama muda mrefu.
Kisha akaimba hesabu ya bati kwa sauti ndogo, sita mara ngapi,
akapokea noti zangu, akazihesabu mara mbili,
akazinyanyua kwenye mwanga moja moja.
Ya saba akairudisha ndani ya soksi,
akafunga fundo,
akalikaza kwa meno.