Laki Nne na Kumi na Mbili

Mita inasema laki nne na kumi na mbili elfu,
mia sita na tatu.
Mzee Chedego haionei haya.
Anakifuta kioo chake kwa mkono wa shati
kama anayeonyesha cheti cha mtoto.
"Nililinunua likiwa na laki moja na nusu," asema.
"Zilizobaki ni zangu. Kondoa, Kibaigwa, Mvumi Misheni,
na Morogoro kila mwezi, kwa ajili ya macho ya mke wangu."

Jana, pale Kizota, kijana mwenye miwani ya jua
alinionyesha jingine, kilomita elfu themanini.
Linang'aa. Linanukia ndimu ya dukani.
Lakini raba ya breki imelika hadi chuma,
na usukani umelainika pale mikono inapokaa
kama mpini wa jembe la bibi.
Nikamuuliza: hapa alikanyaga nani, ndovu?
Akacheka. Akapunguza laki mbili bila kuombwa.
Ndipo nikaogopa zaidi.

Nina ekari moja na nusu ya zabibu Mpunguzi,
na zabibu hazijui neno kesho.
Msimu uliopita nilisubiri kirikuu ya Sajilo siku tatu.
Alipofika, kreti za chini zilikuwa zinatoa povu,
nyuki wanafanya sherehe,
na mnunuzi akanilipa bei ya siki.

Kwa hiyo nimekuja na milioni sita na laki nne,
nne za kikoba, zilizobaki za mbuzi,
zimefungwa kwenye khanga
ambayo maneno yake sitayasoma mbele ya wanaume.
Likinifia, wanakikoba hawatanitukana.
Watapita tu mlangoni kwangu, wakikohoa.

Fundi Mhembano yuko chini ya gari, naona miguu tu.
Anazungumza na tumbo lake kama mkunga.
"Oili haivuji. Bushi zimekwisha.
Shokapu ya nyuma kushoto imekufa kitambo, haijazikwa.
Injini... mama Nyemo, injini inapumua.
Lakini laki nne ni laki nne.
Likizimika Ihumwa usiku, usinipigie."

Upepo wa Agosti unatumwagia vumbi sote watatu.
Nawaza korongo la kwa Malogo wakati wa kifuku,
kreti ishirini nyuma, mimi nikikanyaga
pedali ambazo mguu wa mtu mwingine umezifundisha.

Mzee anafungua droo ya dashibodi,
anatoa daftari la shule, la mistari.
Kila kilomita elfu tano: tarehe, oili, chujio, bei, saini.
Saini! Alijitilia saini mwenyewe,
mhasibu na mkaguzi kwenye kofia moja.
Nafuata kwa kidole. Laki tatu na sabini na tano.
Laki tatu na themanini.
Kisha laki tatu na tisini na moja.
Elfu kumi na moja bila tone la oili.

Nainua uso. "Hapa je?"

Anaangalia ua wa miiba, kuku wanakopenya.
"Hapo Morogoro ilikuwa kila wiki," asema.
"Halafu ikaisha."

Fundi anatoka chini, anajifuta mikono, hasemi.
Kijana wa Kizota angeuchana ukurasa ule.
Huyu ameuacha, na mimi sijui
kama unapunguza bei au unaipandisha.

Nimeshika fundo la khanga, sijalifungua.
"Toa ya shokapu."
"Nimetoa."
"Na bushi."
"Nusu ya bushi."
"Na daftari linakwenda na gari?"

Ananyoosha ufunguo.
Daftari bado liko kwapani.