Umepatwa na Nani

Umeme ulikatika saa mbili usiku, Katuba nzima giza,
na mama akaiacha bukari kwenye makala, nusu ugumu,
maana watoto wa jirani walipiga kelele: mwezi unaliwa!

Kweli, ulikuwa umeng'atwa kando
kama andazi la mtu asiyeomba ruhusa.
Wengine walishika sufuria wakazigonga.
Mchungaji wa pale kona akaanza kuhesabu dhambi,
zetu, si zake.

Dada yangu Mujinga akatoka na tochi na chungwa.
Jina tu, jamani: alizaliwa kitovu kimemzunguka shingo,
na Waluba humwita hivyo mtoto wa namna ile.
Ujinga hana hata punje.

"Umepatwa," alisema. "Sasa ulizeni, umepatwa na nani?"
Akampa Kyungu tochi: wewe jua, simama pale, usicheke.
Kichwa changu kikawa dunia (kwa ukubwa wake, alisema).
Chungwa akalipitisha nyuma yangu
likazama katika kivuli cha kisogo.
"Na sisi. Na Katuba, na Likasi, na bahari tusizozijua.
Tumesimama njiani, tumeziba taa."

Kisha akaniambia nifumbe jicho moja,
akalileta chungwa mbele ya uso wangu
na Kyungu mzima akapotea, na tochi yake.
"Hivyo ndivyo jua linavyopatwa.
Mdogo humficha mkubwa akisogea karibu."

Mbona basi si kila mwezi mpevu?
"Njia yake imeinama kidogo, kama bati letu upande wa choo.
Mara nyingi hupita juu ya kivuli, au chini,
bila kukigusa, bila hodi."

Nilipogeuka, mwezi ulikuwa umeingia wote
na haukuzimika. Ulikuwa mwekundu.
Mujinga akaanza: ni mwanga wa pembeni,
macheo na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja,
yamepinda katika hewa yetu mpaka yakafika kule...

Baba akamkatiza kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.
Miaka ishirini na sita tanuruni,
miezi thelathini ya mshahara bado iko njiani.
"Rangi ile naijua," alisema.
"Shaba, kabla tu ya kumiminwa. Hapo mtu hasemi."

Hatukusema.
Lundo la mavi ya shaba lilikuwa jeusi kuliko anga,
na lile dohani refu halikutoa chochote.
Kyungu bado ameshika tochi, ameielekeza kwangu,
jua tiifu, betri zinaisha.

Ndani, bukari ikaanza kunuka.