Karani wa Maziwa

Alfajiri, Tukuyu. Ukungu bado umeukalia mlima,
wenye ng'ombe wanashuka na madumu
na mimi ndiye ninayeandika lita.
Mwakajila, sita na nusu. Mama Gwantwa, nne.
Nachovya laktomita, nanusa.
Kunusa naruhusiwa.

Kulamba, hapana.

Kaka yangu Ambilike aliishi siku kumi na moja.
Alinyonya, akatapika, akawa njano hadi kwenye kucha.
Watu wakasema kijicho.
Nami nilipoanza kuiva rangi ileile
daktari mmoja wa Rufaa, Mbeya, akasema,
na mama hulirudia kwa sauti yake daktari:
"Mtoe titi kinywani. Leo hii."
Mama akawa anajikamua nyuma ya nyumba, penye migomba,
maziwa yanaingia udongoni,
mimi ndani nakunywa soya.

Nikapona. Tukadhani deni limekwisha.

Kumi na saba, bweni la wasichana.
Wenzangu wanaazimana pedi gizani,
yangu moja inahama kutoka sanduku hadi begi,
begi hadi sanduku,
mpaka karatasi yake ikachakaa.
Likizo, bibi akanitazama kifuani:
"Mtamba huyu anachelewa."

Daktari (si yule, yule alishastaafu)
akachora maharage mawili nyuma ya fomu.
Mifuko ya mayai, akasema. Imechoka kabla ya kazi.
Ni ugonjwa uleule wa maziwa,
ulipita humo lini hatujui hasa,
pengine hujatambaa, pengine hujazaliwa.
Hukukosea chakula. Mama yako hakukosea.
Homoni ni chache, tutakuongezea:
kidonge kila usiku, na mifupa yako itashukuru.

"Na watoto?" mama akauliza.
Daktari akaitazama kalamu.
"Nadra," akasema. "Sijasema kamwe. Nadra."

Neno hilo nililipakata toka Uyole,
Isyonje, Kiwira, hadi mlangoni.
Ugonjwa wangu nadra, mtoto wangu nadra.
Mama alilala dirishani, au alijifanya.

Damu ilikuja Jumanne,
ya kuagizwa, kama mgeni aliyetumiwa nauli.
Nikaifungua ile pedi kongwe. Gundi yake haikushika.
Nikacheka peke yangu chooni
hadi bibi akabisha hodi.

Sasa Anyosisye, anayeleta dumu la baba yake,
huniuliza kila siku: hata tone, kwenye chai?
Ya rangi, namwambia. Bado sijamwambia kwa nini.
Kuna mengine pia sijamwambia.

Leo mzee Mwaipopo amekuja mikono mitupu.
Ng'ombe wake amekauka, ana mimba changa au uzee, hajui,
ila amepanda kilima chote kile
ili jina lake lisirukwe kitabuni.
"Ndaga, baba," nasema, nageuza ukurasa.
Naandika: Mwaipopo. Kisha sifuri,
naizungusha polepole,
nahakikisha imefunga.