Kitenzi Kilichobaki

Hapa Grimsby, nyumba ya nne kutoka duka la samaki na chipsi,
nimepanga chumba cha juu kwa Noreen na Wilf,
na sakafu ya mbao haifichi siri:
nasikia kitenzi kimoja kikifanya kazi ya vitenzi hamsini.

Get, asubuhi, ni amka.
Get, kengele ikilia, ni kamfungulie mtu wa posta.
Mkate ulinunua? Basi ulipanda? Umelowa?
Get, get, get.
Paka akikanyaga siagi, ni shuka, mwanaharamu wee.
Magoti yakilia ngazini, ni uzee huo, unaingia.

Wiki ya kwanza nilidhani wanasema geti.
Nikatoka mara mbili na kandambili zangu kuangalia kama liko wazi.
Lilikuwa wazi. Huwa halifungi,
la chuma, kijani, bawaba moja imeliwa na chumvi.

Nikakitafutia ndugu kwetu, nikamwona Pata.
Tunapata homa, tunapata mtoto, tunapata ajali,
hata jua, na ukubwa wake, hupatwa.
Ila Pata wetu ana adabu ya viambishi,
patia, patana, patikana,
kila shughuli na vazi lake.
Hiki cha kwao huenda kazini, kanisani na kitandani
na fulana ile ile.

Februari Wilf alianguka kati ya jiko na friji.
Miaka thelathini na mmoja alibeba makreti ya chewa gatini,
hakuwahi kuangusha hata moja.
Kiharusi kilipita kichwani mwake kama dalali,
kikazoa majina yote: la kijiko, la paka,
la Noreen.
Kikaacha kitu kimoja,
labda kwa sababu kilichakaa mno, nani angekinunua.

Jumanne huja Anwen, mtaalamu wa usemi, na kadi zake za picha.
Hiki nini, Wilf? Kikombe.
Get.
Na huyu? Farasi.
Get.
Anwen anaandika kwenye faili.
Noreen anapaza sauti kutoka jikoni, mikono imejaa povu:
Hukumsikia? Kasema muondoe farasi wako,
maishani mwake hajampanda farasi.

Yeye anazijua zote.
Ile fupi, iliyokatwa kama mkia wa samaki, ni ya paka.
Ile inayoburutwa puani: giza limeingia, vuta pazia.
Mbili mfululizo ni redio, mpira umeanza.
Na ile ya chini kabisa, kiganja juu ya kifua,
ni nimekuelewa, mke wangu, acha kurudia.

Si kila siku.
Alhamisi moja alimletea chai, blanketi, miwani,
chupa ya mkojo, gazeti, meno,
na yeye akipiga mkono wa kiti, get, get,
mpaka Noreen akajifungia stoo na viazi
nikamsikia hata mimi niliyejifanya nimelala.
Alichotaka Wilf, hadi leo hakijulikani.

Jana nimerudi kutoka zamu ya usiku saa kumi na moja alfajiri,
upepo wa baharini umeshika mtaa mzima.
Wilf yuko kitini, macho wazi, taa imezimwa.
Kanitazama mimi, mpangaji.
Get.

Si fupi. Si ya puani. Kiganja hakikugusa kifua.
Nitoke? Nilete? Nimwamshe Noreen?
Kwao, ukikiunganisha na potea, unamfukuza mtu.
Kwetu pata potea ni kamari tu.
Nikacheza.
Nikatoka na kamba ya kiatu changu,
nikalifunga geti lililokuwa likigonga nguzo usiku kucha,
mafundo matatu, vidole vimekufa ganzi.

Niliporudi alikuwa amefumba macho.
Sijui kama nilipatia.