Saa Inasema Simama

Mwanangu Twalib kanitumia saa kutoka Doha,
haisemi adhuhuri wala alasiri, inasema hatua.
Nikienda msalani inaandika.
Usiku, nikiwa nimelala, inazihesabu pumzi zangu
kama mwenye duka anayehofu wizi.

Na yeye kule, ndani ya simu yake, ananiona.
"Mama, jana ulikwenda mia tatu tu. Unaumwa?"
Siumwi. Kulinyesha, na vichochoro vya Mkomani
mvua ikishuka huwa mifereji ya mavi ya punda.
Hilo sikumweleza. Nilizunguka meza mara arubaini
ili asilale na wasiwasi.

Daktari alisema sukari, kisha akasema mazoezi,
neno nililoliandika ubaoni miaka ishirini na sita:
Zoezi la kwanza. Jaza mapengo.

Basi tukakubaliana, wanawake sita, darini kwa Somoe,
pale panapoanikwa nguo, jicho la jirani halifiki.
Tunapanda baada ya alfajiri. Mabuibui tunayatundika kambani,
yanabaki yakipepea yenyewe, kama wenzetu sita wembamba
wanaotungojea tufanane nao.

Simu tumeiegemeza kwenye kopo la rangi.
Ndani yumo msichana wa nchi ya baridi, tumbo bapa kama sinia,
anaruka, anacheka, hatoki jasho.
Maneno yake hatuyajui. Tukatia yetu:
kuchutama na kuinuka ni Mbuzi ya Nazi,
mikono juu, chini, juu, ni Kinu,
kujipinda kiuno ni Kukamua Shuka,
na lile la kulala kifudifudi juu ya viwiko, mwili umekakamaa
mpaka meno yagongane,
hilo Rukiya aliliita Deni.
"Moya!" anahesabu Somoe. "Mbili! Tatu! Bibi, goti!"
Mwanakheri anatwanga hewa kuliko sote,
anatwanga kana kwamba mna pilipili.

(Wanaume wana ukumbi wao Langoni:
saruji iliyogandia kwenye mikebe ya maziwa,
kioo kimoja, wanakigombania.
Mume wa Rukiya hunyanyua mpaka mishipa ya shingo imtoke,
kisha huita bodaboda imfikishe nyumbani.)

Siku moja nikakwama katikati ya Kinu, mikono juu.
Mama yangu alitwanga kweli. Alikuna, alikamua,
alipandisha maji ya kisima ndoo kwa ndoo, ngazi kwa ngazi.
Mimi nina bomba, nina gesi, nina tui la pakiti,
na kiunoni nina akiba kama ya benki.
Nikataka kusema: kumbe wao ndio waliokuwa na afya!
Kisha nikaukumbuka mgongo wake,
haukunyooka hata kwenye picha ya kitambulisho.
Mama hakufanya mazoezi. Alifanyishwa.
Hakuna aliyemhesabia. Hakuna aliyemwambia,
sasa pumzika, sekunde thelathini.

Mwezi wa pili Mwanakheri hakupanda.
Moyo, walisema. Usingizini.
Kambani mabuibui matano.

Siku ya tatu, khitma. Tumekaa chini, magoti yamebanana,
juzuu mikononi, na mimi katikati ya aya
saa ikanitetemesha mkono:
Umekaa sana. Simama.
Nikaifunika kwa kiganja. Ikatetemeka tena.
Nikasimama. Watu wakanipisha, wakadhani kilio kimenizidi,
na labda kilikuwa kimenizidi.
Nikashuka uani, nikachukua sinia la vikombe, nikapanda,
nikashuka, nikapanda,
nikihesabu chini kwa chini, moya, mbili,
na kule Doha mtu akaona
mama yake leo amekwenda mbali sana.