Utenzi wa Meja Chonge

Peni nyekundu nipeni,
na miwani ya usoni,
nikae hapa mezani
kitabu kukizamia.

Jina langu ni Zamfira,
kazi yangu ya ujira
ni sindano na mpira:
mshipa naupatia.

Naishi hapa Sibiu,
ghorofa ya tatu juu,
na paka mwenye makuu,
ndani ya Transilvania.

Juzi kaja na kitabu,
kakishika kwa adabu
kama dawa ya tabibu,
ni mpwa wangu Horia.

"Shangazi, soma ya kwetu!
Vampaya, shujaa wetu!
Marekani huko watu
leo wamshangilia!"

Toleo la kumi hili,
bei ya kuku wawili;
kanunua, hana hali,
na bado afurahia.

Jaladani: Meja Chonge,
misuli kama matonge,
chupi nje, ya kinyonge,
joho linaning'inia.

Ukurasa wa pili tu,
yu juani, hana kitu,
hajaungua kiatu:
kofia kajivalia!

Akigeuka ni popo,
buti, mkanda havipo;
akirudi tena hapo
vyote vimemrudia.

Wa tano kachomwa mti
moyoni, kawa maiti;
wa sita, kakaa kiti,
sigara ajivutia.

Nikamuuliza, "Vipi?
Kile kijiti ki wapi?"
Akasema, "Kwa ufupi,
lijalo litatwambia."

Sibiu wameichora
mbweha, popo, mafukara,
pasipo na barabara,
umeme twausikia.

Nje ya dirisha langu
duka la simu, wenzangu,
kinyozi wa mpwa wangu,
na polisi asinzia.

Bibi mmoja kasema,
lugha gani? Si ya mama:
nusu Kirusi, kilema,
nusu chafya yamjia.

Kila ngumi ina jina:
"Paa!" "Puu!" wapigana,
herufi zimebanana,
mtu zikamfukia.

Lakini damu, jamani!
Haulizi kundi gani,
kwa mwizi, pale shingoni,
chanya, hasi, abugia.

Lita nane kwa dakika!
Tumbo halijapasuka,
mwizi naye kaamka,
"Asante," akimwambia.

Mtu ana lita tano,
nimepima kwa mikono;
hizo tatu za mfano
jirani kamchangia?

Kwetu sisi, nusu lita,
na fomu kurasa sita,
na jitu zima hujuta,
keki likiililia.

Adui: Bwana Saumu.
Bomu lake, si la sumu:
ni mchuzi wa karamu
mjini katumwagia.

Tungetoka na mikate
mitaani, watu wote,
tuchovye, tule, tupate,
meya akitangulia!

Bomu sekunde sabini,
hotuba yake ya ndani
kurasa tatu makini,
na bomu lasubiria.

Ila picha moja, kweli,
ndogo, pembeni, kwa mbali,
ilinikata kauli,
kicheko kikafifia.

Kioo, na Chonge mbele:
hana uso, hana nywele;
tai yake, kwa upole,
mtoto amfungia.

Mume wangu, marehemu,
kwa tai hana fahamu;
kila sherehe, ni zamu
yangu ya kumkazia.

Nikafuta chozi langu,
"Ni mzio, paka wangu,"
naye paka, kwa uchungu,
papo akaninunia.

Alama: tatu kwa kumi.
Mchoraji hajitumi,
mwandishi hana ulimi,
tai imewapatia.

Mlangoni akiaga,
nikikatakata mboga,
nikauliza kwa woga:
"Lijalo lini, Horia?"