Kofi Moja

Ngazi ilikuwa ya mkoko, tangi la lita elfu,
nyumba ya wageni huko Mkomani, ghorofa ya tatu.
Wanasema hakupiga ukelele.
Mimi nilikuwa nikikaanga samaki. Mafuta yaliruka, yakaniunguza kidole,
na kovu langu na kovu lake
yamezaliwa siku moja.

Boti hadi Mokowe, gari hadi Malindi.
Daktari akainua picha ya kichwa mbele ya dirisha,
akanionyesha weupe mahali pa weusi.
Siku arubaini na moja Lali hakufumbua macho.
Nilisoma Yasini hata ulimi ukawa unasoma peke yake
nami nahesabu matone ya dripu.
Mungu anisamehe. Anajua nilikuwa nahesabu.

Alipoamka watu walisema: Mwanakombo, shukuru, yu hai.
Najua yu hai. Mimi ndiye ninayemwosha.
Najua uzito wa mguu wake wa kushoto,
bei ya pampasi duka kwa duka,
kwamba kidonge cha kifafa hushuka kwa uji, si kwa chai,
kwamba sahani ya bati ikirushwa ukutani
hulia sana, lakini haivunjiki.
Walisema pia: ni mtihani.
Haya. Ila mitihani niliyofanya mimi
ilikuwa na kengele ya mwisho.

Ananiita sista.
"Sista, mke wangu huja saa ngapi?"
Mwanzoni nilimwambia: ni mimi, Lali, hebu nitazame.
Akanitazama kwa adabu,
kama karani anayekagua kitambulisho kilichofutika.
Siku hizi nasema: baada ya alasiri.
Huridhika. Huomba anyolewe ndevu kabla mkewe hajafika.
Namnyoa.

Mwanetu Shekuwe, miaka tisa,
humsalimia babake akiwa mlangoni.
Komeo haliachi mkononi.

Mwalimu wa msikitini alipita, akaketi dakani,
akasema kalamu imeinuliwa juu yake, hana deni la sala.
Nikamshukuru. Sikumwambia
kwamba sala ndiyo saa pekee Lali ajuapo mahali pangu:
nyuma yake.
Hutandika mswala, hukohoa, hungoja nisimame.
Akianza Alhamdu, sauti ni ile ile ya bwana harusi.
Kisha hupotea. Ya pili huwa ya tano,
sijida huwa safari,
nami hupiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono,
kama tulivyofunzwa wanawake.
Hurekebisha. Au harekebishi, nami nafuata.
Kuna jioni tumesali Magharibi rakaa tisa.
Sijui zimeandikwa wapi.

Kofi hilo zamani nililipiga mara moja tu,
wiki yetu ya kwanza ndani ya nyumba hii.
Alichanganyikiwa, akainuka kwa ya nne. Nikapiga.
Baada ya salamu tulicheka, tukazibana midomo,
hata mama yake akagonga ukuta.

Jana tuligombana juu ya soksi.
Soksi! Nilimwambia neno.
Nikatoka, nikakaa ngazini, nikamwambia Mungu neno jingine,
hilo sitaliandika.
Adhana ikaanza, na punda wa jirani naye akaanza.
Nikatawadha kwa hasira, maji hadi kwenye mikono ya kanzu,
nikarudi nikasimama nyuma.

Ya tatu ikaisha. Akainuka.
Nikapiga kofi moja.
Akakaa.
Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto,
shingo ikabaki kushoto.
Mabega yakaanza kutikisika; nikashika kidonge,
nikadhani ni kifafa.
Alikuwa anacheka.

"Sista," akasema, "mke wangu alinipiga kofi hivyo siku moja.
Mama akagonga ukuta."
Akapangusa macho kwa ncha ya mswala.
"Akija, mwambie nimekumbuka."

Nikasema, nitamwambia.